Klipu ya mizani imetuletea simu, klipu ya bibi imetuletea watazamaji. Wakuu wa kusini, nishaurini

Ngalawa Kavu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini, maeneo ya Chikongola. Mimi na wenzangu wawili tunarekodi klipu fupi za kuchekesha, nyingi hazizidi dakika mbili. Mmoja anashika simu, mmoja anaigiza, mimi naandika na kugombana nao. Ofisi hatuna, taa yetu ni jua la saa kumi, na maiki tuliyonunua inaokota upepo wa bahari kuliko maneno ya watu.

Msimu huu wa korosho ulipoanza tukatoa klipu ambayo sisi wenyewe tuliipenda sana. Mkulima anafika ghalani na gunia lake. Karani anapima, anaandika, anakata unyaufu. Mkulima anauliza unyaufu ndio nini. Karani anamwambia apande mwenyewe juu ya mizani. Anapanda, mizani inasoma kilo 68. Karani anaandika 61.

"Hizo saba zimekwenda wapi?"

"Unyaufu, mzee. Tangu asubuhi umesimama juani."

Kisha anamkata ushuru, anamkata gunia, anamkata usafiri, na mwisho anamgeuzia daftari: mzee amebaki kilo 49 na anatakiwa akiri kwamba amezipokea zote. Anabonyeza dole gumba, anatoka nje huku ameishika suruali isidondoke.

Ilituchukua siku nne kuiandika na mbili kuirekodi. Wiki mbili zimepita, watazamaji 3,800. Siku ya tano nikapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa ofisi fulani hapa mkoani, ofisi siitaji. Sauti ya upole kabisa, ananiita "mdogo wangu". Swali lake lilikuwa moja: "Nyie vijana, mmetumwa na nani?"

Wiki iliyofuata, bando limekata na morali imekata, tukarekodi ya bibi. Jamaa kajifunga khanga, kitambaa kichwani, anagombana na simu ya kupangusa, anaongea ile ya kwetu: "ntoto wa ntu kaenda nkoani". Ndani hamna kitu. Niliiandika kwa dakika ishirini. Leo imevuka 210,000 na watu wa Dar wanadai sehemu ya pili.

Sasa wakuu. Tuendelee na bibi tupate chochote kitu, au turudi kwenye mizani na simu zake? Na kisheria imekaaje: nikitia siasa kidogo ndani ya kichekesho, tayari nimekuwa chombo cha habari?

Jembe la Mbagala

Endelea na bibi. Njaa haina itikadi.

Binti Mitwero

Mleta mada, mimi niko Lindi, na hiyo klipu yako ya bibi imeingia nyumbani kwetu. Nikusimulie ilivyokuwa.

Mama yangu alikuwa mkekani anachambua mbaazi. Mdogo wangu anayesoma Dar kaja likizo, akamwekea klipu yako huku anacheka hadi machozi. Mama akaangalia mwanzo mpaka mwisho, uso makini kama anasikiliza taarifa ya habari. Ikaisha. Akauliza: "Huyu ni wa wapi?" Akaambiwa wa Mtwara. Akasema, "Masikini, simu imemshinda. Sasa nyie mnacheka nini?"

Hakuona kichekesho, kaka yangu. Kwa sababu huyo bibi anaongea anavyoongea yeye. Ntu, nkono, nnazi, ndivyo tunavyosema, hakuna aliyekosea. Mdogo wangu alinyamaza, akatoka nje akijifanya anapokea simu. Ningekuwa wewe ningetaka kujua alikuwa anawaza nini pale uani.

Sisemi bibi asichekwe. Mama yangu mwenyewe ana vituko, ukimpata siku ana hamu ya kuongea utavunjika mbavu. Lakini kwenye klipu yako bibi hajasema neno la kuchekesha hata moja. Kilichochekwa ni matamshi, na walioshiba kicheko ni watu ambao kwao "mtu" ni "mtu".

Jembe la Mbagala

Dada umechukulia moyoni sana. Ni utani tu.

Mzee wa Mikindani

Hapo hapo kwenye neno utani ndipo ninapoingilia.

Vijana, utani una sheria, si kila mzaha ni utani. Huku kwetu kila kabila lina watani wake, na mtani anaweza kukufanyia jambo ambalo akilifanya mwingine mnafikishana kwa mjumbe. Anakuja msibani, anajilaza mahali pa maiti, anaiga marehemu alivyokuwa akikopa madukani, na wafiwa wanacheka na kamasi puani. Lakini yanamlinda mambo mawili. Anakutania mbele ya uso wako, na wewe zamu yako ipo: kwake kukifiwa utaenda kulipiza. Sasa huyo bibi wa klipu yenu zamu yake ya kujibu ni lini?

La pili ni hii simu mliyopigiwa. Sisi Wamakonde tuna mapiko, vinyago vya kuvaliwa kwenye ngoma. Anayevaa lipiko hajulikani, na zamani hasa wanawake na watoto walikuwa wanaambiwa si mtu yule. Ndani ya ngoma hiyo yamepitishwa mengi. Vipo vinyago vya uso vya mzungu mwenye kofia ya jua, vya mmisionari, vya mwenye duka wa Kihindi, vya askari. Watu wanamcheka bwana mkubwa hadharani, na bwana mkubwa mwenyewe akifika na hasira hana wa kumkamata, kinyago kimecheza kikaondoka. Leo nyie mmevaa lipiko, lakini laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole. Kinyago kimebaki, maficho yameondoka. Ndiyo maana mtu anakuita mdogo wangu kwa upole, maana jina lako analo.

Ngalawa Kavu

Shikamoo mzee. Hiyo ya zamu imenikaa. Na dada Binti Mitwero, samahani kwa mama. Kweli sikuwaza kuna mtu ataangalia asione kichekesho kiko wapi.

Binti Mitwero

Mama hana neno. Amesema simu za kupangusa zinataka mkono mkavu, mwambieni bibi ajifute kwanza.

Wakili Uchwara

Mimi si wakili, jina linajieleza, ila nimewahi kusumbuka na haya mambo kwa ajili ya ndugu yangu mwenye chaneli.

Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni chini ya ile sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. Hapo ndipo wenye blogu na televisheni za mtandaoni walipoambiwa wakate leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ukijumlisha ada zote ilikuwa inavuka shilingi milioni mbili. Blogu nyingi zilijifunga zenyewe mwaka ule. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022, na mzigo ukapungua: leseni ikabaki inawahusu hasa wanaotoa habari na matukio. Kwa hiyo anayechekesha tu, ukisoma kanuni zilivyoandikwa, hayuko kundi hilo.

Ila kaka, mstari kati ya "nachekesha" na "natoa maoni ya matukio" hauchori wewe. Anauchora mwenye kalamu nyekundu. Oktoba 2024 kampuni kubwa kabisa ya magazeti, Mwananchi, ilisimamishiwa leseni zake za mtandaoni siku 30, na chanzo kilikuwa katuni. Video ya katuni, iliyogusa watu waliopotea na waliouawa. Hao wana leseni na wahariri na wanasheria ghorofani. Na nyuma kidogo, 2019, mchekeshaji Idris Sultan aliitwa polisi kwa kubadilishana sura na Rais Magufuli kwenye picha, na 2020 akakamatwa kwa video ambayo ndani yake anacheka. Anacheka tu, akiitazama picha ya zamani ya Rais.

Kinachowanasa wadogo kama nyie lakini mara nyingi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo. Faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Sasa tazama klipu yako kwa jicho la mtu mwenye nia mbaya. Mmetaja ghala gani? Mmeonyesha nembo ya chama cha ushirika? Gunia lina chapa? Mzee wa kilo 49 hawezi kuwa taarifa ya uongo, maana hakuna mtu mwenye akili atakayedhani ni kweli. Ila ukiweka maandishi chini, "hivi ndivyo ghala la mahali fulani linavyofanya", umeacha kuchekesha umeanza kushitaki, na anayeshitaki lazima awe na karatasi mkononi.

Na watu wa nyuma kwenye video zako je? Wale akina mama wanaopita na ndoo walikubali? Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Ngalawa Kavu

Hatukutaja ghala. Gunia tuliligeuza ndani nje. Akina mama wa ndoo ni shangazi zangu, walidai soda.

Nkulima wa Tandahimba

Nimeiona klipu yenu ya mizani. Nimecheka, lakini nina malalamiko, na si ya ile ofisi.

Wewe mwandishi hujawahi kulala foleni ya korosho. Inaonekana. Kilo hazimshangazi mkulima. Kilo anazijua tangu kwake, keshapima kwa jirani, kapima dukani, anakuja AMCOS, chama cha ushirika, anajua gunia lake lina ngapi na nusu. Na unyaufu hukatwi pale mbele ya macho yako kama mlivyoigiza. Ungekatwa mbele yangu, tungeelewana hapo hapo. Wewe unapima kwenye chama chako cha msingi, unapewa risiti yako safi, korosho zinapanda gari kwenda ghala kuu. Huko zinakaa zinasubiri mnada. Zikipungua, zimepungua huko, wewe hupo, na habari inakurudia kama makato kwenye malipo, na kila unayemuuliza anakuonyesha mwingine. Hicho ndicho kichekesho mlichokiacha: anayekukata haonekani. Mmeweka karani mmoja mbaya, watu wote wamemcheka karani, na karani wa chama chetu kijijini ni mtoto wa dada yangu, hajui hata hizo kilo zinakwenda wapi.

Halafu daraja. Korosho zako zikiwa daraja la kwanza umepona, zikiambiwa la pili umekwisha. Kijana anachota konzi moja, anatia kwenye kile kimashine cha kupimia unyevu, anakitazama, anakutazama wewe, anakitazama tena. Hiyo pause, sijui mnaiitaje nyie wasanii, ule ukimya wa kabla hajasema! Miezi yote ya palizi na salfa machoni imekaa ndani ya sekunde zile nne. Rekodini hiyo. Msiweke hata neno.

Na malipo. Baada ya mnada unaambiwa pesa zinaingia benki. Mwaka juzi nilikaa siku kumi na moja simu mkononi, naoga nayo. Kila ikilia ni mtandao wa simu unaniambia nimebahatika, nibonyeze nyota ngapi nishinde pikipiki. Siku ya kumi na mbili pesa zikaingia, na nikaufuta ujumbe nikidhani ni pikipiki.

Jembe la Mbagala

😂😂😂 Mzee wewe ndio uandike klipu

Nkulima wa Tandahimba

Mimi si nzee, nina miaka 44.

Na mnaosema siasa iachwe, korosho ni siasa kuliko bendera. Mmesahau 2018? Oktoba wanunuzi wanakuja na bei ambazo hazifiki 3,000, wakulima wakagoma kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais akasema serikali inanunua zote kwa 3,300 na jeshi linabeba. Tukaona magari ya jeshi yanaingia vijijini kuchukua korosho, watoto wanayakimbilia, wazee wanaingia ndani. Likaja suala la uhakiki, kwamba mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba, kwa sababu ya kuwasaka watu wa kangomba, wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela. Mtani wangu mmoja aliwapeleka wahakiki mpaka kwenye mkorosho wa msikitini, akauegemea kama wake. Nakwambia mwaka ule ulikuwa filamu nzima, na hatukuwa na mtu wa kuichukua.

Kusini Kwa Nani

Ila kusini nanyi. Kila kichekesho korosho, kila siasa korosho, kila mapenzi korosho. Hamna kingine?

Binti Mitwero

Lindi tuna mjusi.

Kusini Kwa Nani

Mjusi gani?

Binti Mitwero

Huyo dinosaria wa Tendaguru. Wajerumani walimchimba kuanzia 1909 hadi 1913, watu wetu wakabeba mifupa kichwani kwa miguu hadi bandari ya Lindi, siku kadhaa njiani. Leo amesimama makumbusho ya Berlin, kimo zaidi ya mita 13, watu wanalipa kiingilio. Kila baada ya muda Bungeni anaibuka: arudishwe, asirudishwe, tulipwe, ataweza kusafiri?

Mimi nina klipu yangu kichwani, sina wa kuirekodi, chukueni bure. Mjusi anapiga simu nyumbani. Anauliza ule mtambo wa gesi asilia wa Likong'o umeanza kujengwa? Anaambiwa bado, wako kwenye mazungumzo. Anasema basi nitangoja, mimi nina miaka milioni 150, sina haraka. Anauliza na barabara? Anaambiwa Mei 2024 kimbunga Hidaya na mafuriko viliikata kule Somanga, watu wamelala njiani wanakula biskuti. Mjusi anakaa kimya. Halafu anasema, "Mwambieni mheshimiwa anayenidai Bungeni asinilete kwa gari."

Mzee wa Mikindani

Hii nimeipenda. Na huyo mjusi lafudhi yake muwekeeni ya Kijerumani cha Lindi.

Kibanda Umiza

Wakuu, mnajadili watazamaji 3,800 na 210,000 kama vile namba hizo ni za kweli. Niwape ya huku chini.

Nina kibanda cha kuonyeshea mpira upande wa Masasi. Kabla ya mechi na wakati wa mapumziko naweka vichekesho, maana nikiacha kioo kitupu watu wanatoka kununua mihogo hawarudi. Klipu za mleta mada mpwa wangu ananishushia kwenye simu, natia kwenye flashi. Ya mizani nimeionyesha si chini ya mara kumi. Siku ya mechi kubwa naingiza watu sitini, sabini. Huko kwenye mtandao wote hao wanahesabika ni mpwa wangu mmoja. Na vijijini wanarushiana simu kwa simu bila bando kabisa. Kwa hiyo namba zenu ni za watu wenye bando, na mwenye bando la kuangalia bibi anagombana na simu mara nyingi yuko mjini.

Ila nilichokiona ni hiki. Ya bibi watoto wanacheka, watu wazima wanatabasamu, inapita. Ya mizani, mara ya kwanza hawakucheka. Kimya kibanda kizima. Nikajua nimeharibu. Ilipofika pale mzee anashika suruali, mtu mmoja nyuma akasema "rudisha". Nikarudisha. Wakaanza kucheka, tena kicheko kile cha chini, cha tumboni. Wakasema rudisha tena. Mara tatu. Mapumziko yakaisha, kipindi cha pili kimeanza, bado kuna mzee anabishana na mwenzake kwamba mwaka gani yeye alibaki na kilo ngapi. Kuna bao lilifungwa hawakuliona.

Mleta mada, nikuulize. Pesa za YouTube unazozisubiri, wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa. Mna ngapi?

Ngalawa Kavu

Wafuasi 612.

Mkuu hujui ulivyoniamsha. Namwonyesha mwigizaji wetu hii sasa hivi.

Fulana ya Kampeni

Mtaniwia radhi kwa kuharibu sherehe. Hawa wachekeshaji tunawajua. Leo mizani, kesho uchaguzi ukija wanapanda jukwaani na fulana mpya, wanamwigiza mpinzani wa aliyewalipa. Nimeona wengi. Mleta mada, wewe hujawahi kufuatwa?

Ngalawa Kavu

Nilijua hili swali litakuja.

Tulifuatwa. Wakati wa kura za maoni za udiwani, kata siitaji wala chama sikitaji. Mtu mmoja alitaka klipu ya kumcheka mwenzake, kwamba hajasoma na anashika kalamu kama jembe. Alitupa laki moja na nusu. Tukachukua. Ilikuwa siku ambayo simu ya kurekodia imepasuka kioo, nasema hivyo si kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Tukaitengeneza, ikazunguka kwenye magrupu, tuliyemcheka akashindwa. Sijui kama ni kwa sababu yetu. Baadaye nikakutana naye kivukoni, anasubiri pantoni ya Msanga Mkuu, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza mama hajambo. Nilivuka naye dakika zile zote natazama maji.

Fulana ya Kampeni

Angalau umesema.

Binti Mitwero

Kumbe siku ile ulipoulizwa "mmetumwa na nani" ulikuwa na jibu, ila la klipu nyingine.

Ngalawa Kavu

Dada, hiyo imeingia.

Wakili Uchwara

Siku nyingine mtu akitoa pesa za klipu ya uchaguzi, muulize kama atasimama na wewe kituoni. Utaona anavyoangalia saa.

Nkulima wa Tandahimba

Kalamu kama jembe. Mnajua vijijini huku wangapi tunashika kalamu hivyo? Hiyo si bibi yule yule, mmembadilisha nguo tu?

Ngalawa Kavu

(Siku tisa baadaye)

Wakuu, nimerudi. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa kazini.

Ile ya pili ya bibi hatukuifanya. Badala yake mshika simu wetu ana bibi yake halisi anaishi Naliendele, ana mikorosho yake kumi na tisa, kila mmoja ana habari yake. Tukamfuata na mizani ya kuazima. Nilikuwa nimemwandikia maneno ukurasa mzima. Nikamsomea. Akasema, "Haya ni maneno yako, yaseme wewe."

Basi tukamwacha. Karani tukamwondolea ubaya wote alioulalamikia Nkulima, safari hii ni kijana mpole, anakata kwa sababu karatasi imemwambia akate, kila swali anaonyesha kidole upande mwingine. Bibi anaweka gunia, karani anaandika pungufu. Bibi anauliza, karani anasema unyaufu, na anaonyesha huko, ghala kuu. Bibi anageuka kutazama huko. Kuna mbuzi tu. Anamtazama yule mbuzi muda mrefu sana, hatukupanga, tukaacha simu ikimbie.

Kisha akamwambia karani, "Baba, hebu panda wewe."

Jamaa akapanda, hakujua afanye nini, kwenye maandishi haimo. Bibi akachukua kalamu mfukoni mwa karani, akaishika kama jembe, nakuapieni, akainama akasoma kwa sauti: "Sabini na nne." Akaandika, akasema: "Sabini. Nne hizo ni za ndomo."

Mwigizaji wetu alikaa chini kwa kicheko, tukashindwa kuendelea, na ndivyo inavyoisha. "Ndomo" tumeiacha hivyo hivyo. Imefika 11,000 kwa siku tatu. Kile kimashine cha unyevu tumekihifadhi kwa inayofuata, bila neno hata moja. Dada Binti Mitwero, ya mjusi tunaitaka, ila hatujui Berlin tutaipata wapi, labda nyuma ya gereji ya Ligula.

Simu ya ile ofisi bado haijalia. Iliyolia ni ya bibi. Anasema amesikia anaonekana mpaka Dar, na yeye malipo yake yako wapi. Jioni nikampelekea elfu kumi. Akazihesabu mara mbili, noti kwa noti, ingawa zilikuwa mbili tu, akaniangalia.

"Hapa umekata nini?"

Binti Mitwero

Mama kaiona. Safari hii kacheka.

Kibanda Umiza

Nitumie faili lenyewe mkuu, lisiwe la kushusha, linapoteza sauti. Kesho nina mechi saa moja usiku.